Rekodi za Wagonjwa Estonia: Kilichoingia Kwenye Blokucheni ni Hashi Tu

Mwaka 2016 Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3, ilitangaza kwamba rekodi za wagonjwa zaidi ya milioni moja zitalindwa kwa blokucheni. Wengi walioisoma habari hiyo walidhani majina na magonjwa ya watu yamehamishiwa ndani ya mnyororo. Sivyo, na ni heri haikuwa hivyo, kwa sababu kinachoingia humo hakifutiki.

Rekodi zilibaki kwenye hifadhidata za kawaida, katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya ulioanza kazi mwaka 2008. Kilichopelekwa kwenye mnyororo ni hashi zake. Tuseme daktari ameandika dozi ya miligramu 5. Programu inaukokotoa waraka mzima na kutoa msururu wa herufi na tarakimu, 64 kwa kanuni ya SHA-256. Mtu akichomeka sifuri moja tu, 5 ikawa 50, msururu unaotoka ni mwingine kabisa. Na aliyeshika hashi peke yake hawezi kuifumbua akajua mgonjwa ni nani wala anaumwa nini.

Teknolojia yenyewe, KSI, ni ya kampuni ya Guardtime iliyoanzishwa mwaka 2007 na wataalamu wa kriptografia Ahto Buldas na Märt Saarepera. Kila sekunde hashi zilizofika hupangwa mbilimbili. Kila jozi huunganishwa ikazaa hashi mpya, nazo zikaunganishwa tena, hadi ibaki moja ya kileleni. Kwa nyaraka milioni moja, kuthibitisha waraka mmoja kunahitaji hatua kama 20 tu. Hashi za vilele nazo hufungamanishwa, na kila baada ya muda ile inayozibeba zote huchapishwa gazetini, likiwemo Financial Times la London. Hapo ndipo ninapouona ustadi mkubwa kuliko wote: anayetaka kughushi rekodi ya zamani itambidi azikusanye nakala zote za gazeti zilizokwisha kuuzwa na kuhifadhiwa maktaba.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Mwaka 2007 nchi hiyo ilishambuliwa mtandaoni kwa wiki kadhaa. Benki, magazeti na ofisi za serikali zikakwama. Lakini mdukuzi wa nje siye hatari pekee. Katika mifumo mingi, msimamizi mwenye mamlaka ya kubadili rekodi anaweza pia kuifuta kumbukumbu inayoonyesha kwamba ameibadili. Estonia waliziwekea hashi hata hizo kumbukumbu za nani alifungua faili gani na saa ngapi. Msimamizi akizigusa, hesabu hazilingani tena. Mgonjwa naye huingia kwa kitambulisho chake chenye chipu na namba ya siri, akaona nani amelisoma faili lake, na akitaka hufunga baadhi ya nyaraka zisionekane na madaktari wengine.

Kinga hii ni ya ukweli wa rekodi. Siri ya mgonjwa inalindwa kwingine. Mwaka 2020 nchini Finland ilibainika kwamba taarifa za wateja wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo zimeibwa, na wagonjwa wakaanza kutumiwa barua pepe za kudaiwa fedha ili maneno waliyomwambia mtaalamu wao yasianikwe. Mnyororo wa hashi usingewaokoa hata kidogo: faili lililonakiliwa halijabadilika, kwa hiyo hashi yake iko sawasawa. Huko kunahitajika usimbaji, seva zilizofungwa vizuri na vitambulisho imara. Hata Estonia mambo hayo yaliwahi kuyumba. Mwaka 2017 kasoro iliyogunduliwa kwenye chipu ililazimisha vyeti vya kadi za kitambulisho zipatazo 760,000 kusitishwa hadi visasishwe. Kwa hiyo muuzaji anayezunguka wizarani akisema blokucheni itazuia uvujaji wa data za wagonjwa anauza kisichokuwamo kwenye boksi.

Yapo pia ambayo hesabu haiwezi kuyaamua. Muuguzi mwenye ruhusa halali akilifungua faili la jirani yake kwa udadisi tu, mfumo utaandika jina lake na saa, naye hataweza kuyafuta. Lakini kama alikuwa na sababu ya kitabibu ya kulifungua, hilo halimo kwenye hashi. Ni mpaka mgonjwa aingie, aone jina asilolitambua, alalamike, na mamlaka ya ulinzi wa data imwite muuguzi huyo ajieleze.