Anayetajwa na Asiyetajwa: Kusoma Fani ya Makaburi kutoka Ayany hadi Karen

Mhakiki wa fasihi huanza na swali jepesi: nani anasimulia, na nani amenyimwa sauti? Swali hilo linafaa pia mbele ya jumba la zamani na mbele ya kaburi. Mjenzi naye huchagua muundo, huchagua cha kurudiarudia na cha kunyamazia. Mkazi wa mtaa wa Ayany, Kibera, anaweza kusoma matini tatu za aina hiyo kwa siku moja: nyumba ya Karen Blixen kule Karen, makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, na makaburi ya Waislamu papo hapo Kibera. Ukizisoma kwa mfululizo unaona kwamba fani ndiyo inayoamua nani atakumbukwa kwa jina, hata kabla mwongozaji hajafungua kinywa.

Tuanze na nyumba. Ilijengwa mwaka 1912 na Msweden Åke Sjögren. Blixen, mwandishi wa Denmark, aliishi humo kuanzia 1917 hadi 1931, akisimamia shamba la kahawa lililokuwa juu mno kwa zao hilo. Ukame uliliandama, kiwanda kikaungua mwaka 1923, na mwishowe shamba likauzwa na kukatwakatwa viwanja. Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo baada ya uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Fani yake ni nafsi ya kwanza umoja. Chumba cha kulala, vitabu, meza ya chakula na veranda inayotazama vilima vya Ngong vyote vinamzunguka mtu mmoja. Baadhi ya vitu vilivyomo vilitoka kwenye filamu ya 1985 iliyotokana na kitabu chake, kwa hiyo mgeni anasoma maisha ya Blixen na tafsiri ya Hollywood ya maisha hayo kwa wakati mmoja, bila mpaka ulio wazi kati yake. Ustadi wa mpangilio huu haukataliki: ukisimama verandani unaelewa mara moja kwa nini mwanamke huyo alililia shamba lake hadi kufa.

Lakini simulizi la nafsi moja lina gharama. Farah Aden, Msomali aliyeshikilia shughuli zote za nyumba, na Kamante Gatura, mpishi, ndio waliolifanya jumba hilo likalike. Nje waliishi Wakikuyu walioruhusiwa kulima vipande vya ardhi kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi. Makumbusho ya aina hii husimulia kwa vyumba, na asiyekuwa na chumba hana pa kusimama. Vibanda vya wachuma kahawa havimo katika matembezi; mitambo ya kahawa iliyobaki bustanini ndiyo inayowawakilisha, chuma badala ya mikono. Ngũgĩ wa Thiong'o alikishutumu kitabu cha Blixen cha 1937 kwa namna kinavyowachora Waafrika. Jumba linastahili kuulizwa vivyo hivyo.

Ukirudi mjini kwa Barabara ya Ngong, unakuta makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941. Humo wamezikwa zaidi ya watu 1,900 wa majeshi ya Jumuiya ya Madola waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia. Hapa fani inageuka kabisa. Mbinu kuu ni takriri: jiwe baada ya jiwe, safu baada ya safu, na karibu kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe ya kifo. Tume iliyoundwa mwaka 1917 kutunza makaburi ya vita kama haya ilikuwa na kanuni kwamba kifo hakina cheo, na takriri ndiyo inayoibeba kanuni hiyo. Jicho halipati mkubwa wa kumwinamia. Linalazimika kusoma jina hili, kisha lile, na kila jina linapewa pumzi sawa. Waliopotea bila kaburi, wakiwemo waliotoka Kenya kwenda kupigana kusini mwa Ethiopia, wameandikwa majina kwenye mnara wa kumbukumbu uliomo makaburini humo. Kwa fani, huu ndio ukurasa bora wa siku nzima.

Uzuri wake ndio unaoumiza ukikumbuka vita vilivyotangulia. Sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1928, ambayo leo iko Kenyatta Avenue, inawakumbuka Waafrika wa Vita vya Kwanza kwa watu watatu wa shaba, akiwemo mpagazi wa Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa jeshi. Sanamu ni nzuri, mkao wa miili una heshima, lakini haina hata jina moja. Maelfu wamefanywa watatu. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi huenda ikafika 350,000. Tume iliomba radhi. Kanuni ya usawa ilikuwapo, na jiwe lilikuwapo. Kilichokosekana ni nia ya kumhesabu mpagazi kuwa mtu mmoja mwenye jina lake.

Matini ya tatu iko nyumbani. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga rasmi ekari 4,197 hapa. Kaburi la Kiislamu halina makuu: tuta la udongo, maiti kuelekezwa kibla, alama ndogo kichwani. Udogo huo ni fani iliyochaguliwa kwa imani, si upungufu. Na kwa jamii iliyokaa karibu karne nzima bila hatimiliki, hadi mwaka 2017 ilipopewa ya ekari 288, makaburi ya mababu yalikuwa ushahidi kwamba watu hawa hawakuja jana. Hapa jina hutunzwa na ndugu wanaokuja kumsomea marehemu dua. Akitoweka msomaji, matini nayo hufifia.

Hukumu yangu ni hii: katika hizi tatu, makaburi ya Barabara ya Ngong yana fani timilifu zaidi, na jumba la Karen lina fani inayovutia zaidi lakini yenye pengo kubwa zaidi. Pengo hilo linazibika. Makumbusho yaweke ukuta mmoja wenye majina ya waliolima, waliopika na waliochuma, kila jina kwa herufi za ukubwa mmoja. Wazee wa Kibera nao wasaidiwe kuandika daftari la waliozikwa kwao, maana kumbukumbu ya mdomo huzikwa na mwenyewe. Nawe msomaji wa Ayany, nenda na watoto, na kila mnapofika waulize: hapa nani ametajwa, na nani bado?