Bloku za Hasheem Thabeet: zilivyopigwa, na kwa nini hazikutosha NBA

Hasheem Thabeet ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na kilichomfikisha huko ni kazi moja: kuuzuia mpira usifike kwenye ringi. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka kama 15, umri ambao vijana wengi wa Marekani huwa tayari wameucheza kwa miaka kadhaa. Alisoma shule ya Makongo, akavuka kwenda Marekani na kumalizia sekondari katika shule ya Cypress Christian, Houston. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, na kwa misimu mitatu alipiga bloku 417. Katika historia ya chuo hicho ni Emeka Okafor pekee aliyemzidi.

Msingi wa bloku hizo ulikuwa urefu. Ringi huwa mita 3.05 kutoka ardhini. Thabeet, aliyeorodheshwa kuwa na mita 2.21, akisimama na kunyoosha mkono hubakiza karibu shibiri moja tu kuifikia. Mlinzi mfupi hulazimika kukisia: huruka pamoja na mtupaji, na akidanganywa na mtupo wa uongo anakuwa hewani wakati mwenzake bado yuko chini. Thabeet hakuhitaji kukisia. Aliweza kungoja mpira utoke mkononi, kisha akaufuata. Hata hivyo muda wenyewe ni mfupi mno, kwa sababu kanuni hairuhusu kuugusa mpira ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni, wala ukishagonga ubao ukiwa juu ya ringi. Akichelewa kidogo, pointi zinahesabiwa.

Urefu peke yake haupigi bloku nne kwa mechi. Jambo la pili lilikuwa mahali pa kusimama. Calhoun alimweka karibu na ringi, na magadi wa timu, yaani wachezaji wa nje, wakawabana wapinzani kwa nguvu huko nje bila hofu ya kupitwa, kwani aliyepita alikutana na Thabeet. Kanuni za vyuo zilimruhusu mlinzi kukaa chini ya ringi muda wote anaotaka, na eneo lililopakwa rangi lilikuwa na upana wa mita 3.66 tu. Hatua moja au mbili zilimtosha kufika upande wowote.

Jambo la tatu lilikuwa mikono iliyonyooka. Mlinzi anayeruka wima, mikono juu, hahesabiwi faulo mshambuliaji akimgonga kifuani. Anayeishusha mikono ili kuupiga mpira hupigiwa filimbi. Kwa senta mrefu kama Thabeet, anayecheza karibu na ringi, kujizuia kupiga ni ufundi sawa na kupiga.

Mafanikio ya mpango huo yalionekana tarehe 31 Januari 2009 dhidi ya chuo cha Providence: pointi 15, rebaundi 11 na bloku 10 katika mechi moja. Msimu ule wa 2008/09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi 10.8 na bloku 4.2, na timu ikafika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State 82-73. Kwa mara ya pili mfululizo alitajwa na chama cha makocha wa vyuo kuwa mlinzi bora nchini. Takwimu hizo hazihesabu mitupo iliyopotoka, wala ile iliyoachwa kabisa kwa kumwogopa.

Lakini dosari nayo ilionekana msimu huohuo. Tarehe 16 Februari, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut ikiwa namba moja katika orodha ya taifa, ilifungwa na Pittsburgh 76-68. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa takriban sentimita 20, alipata pointi 22 na rebaundi 23. Blair hakushindana naye hewani. Aliinama, akamsukuma kwa nyonga na mapaja kabla mpira haujafika, na mara moja walipogombea mpira akamwangusha kupitia begani mwake. Thabeet alimaliza na pointi 5 na rebaundi 4. Mwenye kitovu cha uzito kilicho juu akisukumwa kutoka chini hupoteza nafasi, na asiye na nafasi hana faida ya mikono mirefu.

Tarehe 25 Juni 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, baada ya Blake Griffin na kabla ya James Harden na Stephen Curry. Huko alikuta sakafu nyingine. Tangu msimu wa 2001/02 NBA inamkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo lililopakwa rangi zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu, na eneo lenyewe lina upana wa mita 4.88. Mstari wa pointi tatu uko mbali zaidi, hivyo walinzi hutawanyika. Silaha kubwa ikawa skrini: senta wa wapinzani hupanda juu kumzibia njia gadi wa ulinzi, na Thabeet hulazimika kumfuata senta huyo mita sita au saba kutoka kwenye ringi. Akibaki nyuma, gadi mwenye mpira anatupa akiwa huru. Akitoka, anapaswa kusogea kando kwa kasi, kugeuka, na kurudi kumwahi senta anayekimbilia kikapuni. Hapo ndipo alipochelewa, na aliyechelewa hufanya faulo.

Msimu wa kwanza alicheza mechi 68 kwa wastani wa dakika 13, akipiga bloku 1.3. Ukizipima kwa dakika 36, ni bloku 3.6 hivi, kiwango kikubwa hata kwa NBA. Ufundi wa kuzuia haukumpotea. Alichokosa ni dakika. Alikuwa nyuma ya senta Marc Gasol, aliyepasi na kufunga vizuri zaidi. Februari 2010 Memphis ilimpeleka Dakota Wizards ya ligi ya chini. Baadaye alipita Houston na Portland, kisha akatulia Oklahoma City kati ya 2012 na 2014, ambako alipewa kazi ndogo: kuweka skrini, kugombea rebaundi, kumalizia karibu na ringi. Alipoagana na NBA alikuwa na mechi 224 na wastani wa pointi 2.2. Aliendelea na kikapu kwingine, ikiwemo Japani na Taiwan.

Somo la Thabeet linafaa hata kwa vijana wa hapa nchini. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, ambako fahari ya michezo ni soka tangu Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, kijana mrefu ni rahisi kuwekwa golini, na binti mrefu kupelekwa kwenye mpira wa pete. Mchezo huo wa pili tayari unafundisha nusu ya ufundi wa Thabeet. Ringi yake nayo iko mita 3.05, na mlinzi hulazimika kusimama sentimita 90 kutoka mguu wa mfungaji, kunyoosha mikono bila kumgusa, na kuusubiri mpira utoke. Mwalimu anaweza kuwapitisha hapo hata wavulana wa kikapu.

Nusu ya pili ni miguu na nyonga: kusogea kando magoti yakiwa yamekunjwa, kugeuka bila kupishanisha miguu, kumzuia mpinzani kwa mgongo wakati wa kugombea rebaundi. Mazoezi hayo hayahitaji ringi. Mvua za Tukuyu zinapolowesha viwanja vya saruji na kuvifanya viteleze, yanaweza kufanyika bwaloni. La muhimu ni kuyaanza mapema, mwili ukiwa bado unarefuka, kwa sababu senta anayejifunza kusogea baada ya kufikia kimo chake chote hulazimika kufanya kazi hiyo akiwa tayari ndani ya mashindano, kama ilivyomtokea Thabeet.