Imla ya Mashine na Sikio la Mtoto wa Luberizi

Mnamo mwaka 1978 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilitoa Speak & Spell, chombo cha kuchezea kinachotamka neno kisha kumngoja mtoto abonyeze herufi zake moja baada ya nyingine. Akikosea mara mbili, chombo humtajia tahajia sahihi. Yakiisha maneno kumi, humpa alama zake. Hiyo ni imla ya darasani iliyotiwa ndani ya mashine, na ndiyo maana toleo la Kifaransa liliitwa La Dictée Magique, yaani imla ya ajabu. Michezo mingi ya kompyuta imefuata nyayo hizo. Swali linalowahusu wanazuoni wa Kiswahili ni hili: mchezo wa aina hiyo ukitungwa kwa Kiswahili, utapima nini?

Kwa Kiingereza na Kifaransa jibu ni jepesi. Lugha hizo zina pengo kubwa baina ya matamshi na maandishi, na mchezo huishi katika pengo hilo. Kiswahili huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Hata hivyo ugumu hautoweki, bali huhama. Kwanza huhamia katika kinywa cha msemaji.

Mfano wa Luberizi, katika bonde la mto Ruzizi kusini mwa Bukavu, unadhihirisha jambo hilo. Katika Kiswahili cha Kivu husemwa “mutoto” na “zambi”, si “mtoto” na “dhambi”. Mtoto wa huko akiyasikia maneno hayo kwa sauti ya mashine, atayatambua kuwa ni yale ya nyumbani kwao, na huenda akayaandika kama asemavyo mama yake. Atakuwa ameifuata barabara kanuni ya kuandika kama isemwavyo. Walakini mashine itamwambia amekosea. Kinachohukumiwa hapo si tahajia yake, bali lahaja yake.

Hukumu hiyo ina historia. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizihudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Hii si hoja ya kukikataa Kiswahili Sanifu. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mtoto wa Luberizi ana haja nacho zaidi kuliko wazazi wake. Hoja ni kwamba afundishwe kama anayeongezewa umbo la pili, wala si kama aliyekosa la kwanza.

Pili, ugumu huhamia katika mipaka ya maneno. Wengi huandika “kwasababu” na “kwahiyo”, kwa kuwa sikio halisikii nafasi iliyoachwa baina ya neno na neno. Historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, na kuhaririwa na Johannes Fabian katika kitabu kilichotolewa mwaka 1990, ni ushahidi mzuri: maneno yake yamegawanywa kwa namna ambayo msomaji hulazimika kuyasoma kwa sauti ndipo ayaelewe. Mashine inayotamka neno mojamoja haiwezi kuufikia ugumu huo, kwani imekwisha kumkatia mtoto mipaka kabla hajaanza.

Basi mchezo wa Kiswahili usiwe tafsiri ya ule wa Kiingereza. Utamke sentensi nzima, utumie sauti za Bukavu pamoja na za Unguja, na uwe na majibu matatu badala ya mawili: sahihi, kosa, na “ndivyo isemwavyo kwenu, katika vitabu huandikwa hivi”. Bila jibu hilo la tatu, mtoto atajifunza kuandika “mtoto”, na papo hapo atajifunza kwamba mama yake hajui kusema.