Forodhani na Kikao cha Wazee

Bustani ya Forodhani, Unguja, ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo yaliyosimamiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Kazi ile inastahili sifa: ukuta wa bahari uliimarishwa, taa zikawekwa, watoto wakapata uwanja wa kuchezea. Swali langu ni la mzee. Ikifika magharibi bustani hugeuka soko la chakula, na moshi wa mishikaki na umati wa wageni humwachia nafasi gani mtu anayetembelea mkongojo?

Wazee wa Mji Mkongwe wako barazani. Pale Jaws Corner utawakuta na vikombe vya kahawa, wakibishana siasa. Baraza ina ukuta wa kuegemea na kivuli cha jengo, na nyumbani si mbali choo kikihitajika (jambo ambalo wasanifu hulisahau upesi). Tena kila apitaye huwaamkia. Benchi linaloelekea baharini humpa mzee upepo mwanana, lakini humnyima shikamoo. Mbunifu angeanzia hapo, angejenga baraza za mawe upande wa mjini, chini ya miti, mbali na majiko.