Uasilia wa Bunduki ya Vita: Uhakiki wa Vigezo vya Kuhukumu Masalia ya Silaha za 1914–1918 katika Eneo la Himo, Kilimanjaro

Ikisiri

Makala hii inahakiki vigezo vinavyotumika kuamua iwapo bunduki iliyosalia kutokana na Vita vya Kwanza vya Dunia ni asilia. Hoja kuu ni kwamba kigezo kinachoaminiwa zaidi, yaani ulinganifu wa namba zilizogongwa kwenye vipande vya silaha, hupotosha hukumu kinapotumika peke yake kwa bunduki zilizopigana Afrika Mashariki. Makala inapendekeza bunduki isomwe kama mswada: kwa kuzingatia marekebisho yake, masimulizi yanayoambatana nayo na mahali ilipopatikana.

1.0 Utangulizi

Himo ni njiapanda. Barabara itokayo Moshi hugawanyika hapo, tawi moja likielekea Same na Tanga, jingine likielekea Taveta kupitia Holili, na ya Marangu ikipanda mlimani. Jiografia hiyo ndiyo iliyoileta vita mlangoni. Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuikalia Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma katika kilima cha Salaita, na mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12, yakapiganwa mapigano ya Latema na Reata. Ndani ya siku chache majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Jan Smuts yaliingia Moshi, huku Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea Kahe na mto Ruvu. Kwa hiyo, silaha za pande zote mbili zilipita katika ukanda huu mwembamba kati ya mlima na nyika.

Katika mazingira hayo, si ajabu kwamba silaha yoyote kuukuu yenye mtutu mrefu huitwa "bunduki ya Mjerumani", na wakati mwingine "gobore", ijapokuwa gobore halisi hujazwa baruti na marisau kupitia mdomo wa mtutu, ilhali bunduki za vita hivyo zilijazwa risasi kwa nyuma, kwa kuvuta komeo. Jina hilo la jumla linaibua swali la kiuhakiki: tunaposema bunduki fulani ni asilia, tunadai nini hasa? Swali hili si la wakusanyaji wa vitu vya kale peke yao. Hukumu inayotolewa huweza kuamua iwapo chuma hicho kitahifadhiwa kama ushahidi wa historia au kitateketezwa pamoja na silaha nyingine zilizosalimishwa.

2.0 Maana Tatu za Uasilia

Wahakiki wa fasihi tumezoea kutenganisha uhalisia, yaani namna kazi inavyoakisi maisha, na uasilia, yaani uhusiano wa kazi na chanzo chake. Kuhusu bunduki, dhana hiyo ya pili inabeba maana tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Ya kwanza ni uasilia wa kiwanda: je, bunduki iko kama ilivyotoka kwa mtengenezaji? Ya pili ni uasilia wa vita: je, iko kama ilivyokuwa mikononi mwa askari wakati wa mapigano? Ya tatu ni uasilia wa mahali: je, ilikuwapo hapa inapodaiwa kuwapo?

Maana hizi hazisaidiani kila wakati, bali mara nyingi hupingana. Bunduki iliyolala ghalani Ulaya kwa miaka yote ya vita inaweza kuwa na uasilia kamili wa kiwanda, lakini isiwe na cha kusema kuhusu Salaita. Bunduki iliyopigana kuanzia Taveta hadi kusini mwa Tanganyika, ikavunjika kitako na kutengenezwa njiani, huwa imepungukiwa uasilia wa kwanza kwa sababu ileile iliyoipa uasilia wa pili. Igor Kopytoff, katika makala yake ya 1986 kuhusu wasifu wa vitu, alishauri kwamba kitu kichunguzwe kama mtu anavyochunguzwa: kilitoka wapi, kilipitia mikono gani, na hadhi yake ilibadilika vipi. Mwenye kudai kwamba bunduki ya vita ibaki na sura ya siku ya kuzaliwa kwake anadai mtu mzima asiwe na makovu.

3.0 Uhakiki wa Kigezo cha Namba

Kigezo cha namba kina mantiki yake. Katika bunduki ya Mauser ya modeli ya 1898, jina la kiwanda na mwaka viligongwa juu ya kichwa cha mtambo, karibu na mahali unapoungana na mtutu. Namba ya bunduki, au tarakimu zake za mwisho, ilirudiwa katika vipande vingi, likiwamo komeo. Katika Lee-Enfield ya Waingereza, taji, herufi za mfalme, mtengenezaji na mwaka huonekana upande wa kulia, nyuma ya komeo. Namba zikilingana, hitimisho la kawaida ni kwamba vipande vilizaliwa pamoja na havijatenganishwa.

Udhaifu wa kigezo hiki unaonekana tunapokirejesha katika mazingira ya Afrika Mashariki. Kwanza, jeshi la Wajerumani lilianza vita likiwa tayari na silaha za masalia. Kampuni zake nyingi zilikuwa na bunduki za modeli ya 1871, za risasi ya milimita 11 na baruti nyeusi, ambazo jeshi la Ujerumani lenyewe lilikuwa limeanza kuzibadilisha tangu 1888. Moshi wa baruti hiyo ulimfichua askari mara tu alipofyatua. Pili, bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza, hivyo kipuri hakikuweza kuagizwa kama kilivyoagizwa Ulaya. Tatu, silaha zilibadilisha wenyewe: baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Wajerumani waliokota bunduki za kisasa za Waingereza, bunduki rashasha na risasi kwa wingi. Nne, meli ya Rubens, iliyofika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga mwaka 1915 ikifukuzwa na manowari ya Waingereza, iliachia shehena iliyolowa maji ya bahari. Ilibidi risasi zifunguliwe, zikaushwe na kufungwa upya kabla ya kutumika. Katika jeshi la namna hiyo, bunduki yenye komeo la namba nyingine haipaswi kushukiwa kwa hilo tu. Kuunga na kubadilishana vipande ndiyo iliyokuwa hali ya kawaida.

Upande wa pili wa udhaifu huo ni kwamba namba na mihuri ni rahisi kughushiwa. Herufi K.S., zinazosimama badala ya jina la Kijerumani la jeshi la makoloni, huipandisha thamani bunduki yoyote. Anayezigonga leo anahitaji nyundo na vyuma vichache vya herufi. Mchunguzi makini hatazami tu kama herufi zipo. Anatazama kama kingo zake zimelika sawa na chuma kinachozizunguka, na kama kutu imeingia ndani ya mfereji wa herufi kwa kiasi kilekile ilichoingia pembeni. Herufi iliyo na kingo kali juu ya chuma kilichochakaa inatoa ushahidi dhidi yake yenyewe.

Hapa uhakiki wa miswada unatoa kanuni yenye manufaa. Mhariri anayelinganisha nakala mbalimbali za utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu hufahamu kwamba mnakili hupenda kulainisha: neno gumu hugeuzwa kuwa jepesi, mara chache huwa kinyume. Kwa hiyo, usomaji mgumu zaidi ndio wenye uzito zaidi. Mghushi wa bunduki naye ni mnakili. Huongeza taji, mwaka wa vita na herufi za jeshi, kwa kuwa hivyo ndivyo mnunuzi anavyovitafuta. Hana sababu ya kuongeza kiraka cha mbao kisicholingana rangi na kitako, msumari wa kienyeji, au waya uliozungushwa mahali palipopasuka. Alama isiyomfaidi mtu yeyote ndiyo inayostahili kuaminiwa kwanza, ingawa nayo lazima ipimwe umri, kwa kuwa kiraka kinaweza kuwa cha mwindaji wa miaka mingi baada ya vita.

4.0 Uhakiki wa Masimulizi

Familia inayosema "hii ni ya babu, alipigana na Mjerumani" haitoi cheti, inatoa simulizi. Jan Vansina ametufundisha kwamba simulizi ni ushahidi unaohitaji kuhakikiwa kama ushahidi mwingine wowote. Katika sentensi hiyo, hata kihusishi "na" kina utata: alipigana dhidi ya Mjerumani au pamoja naye?

Tuchukue mfano wa kukisia. Simulizi inasema babu alikuwa askari wa Wajerumani pale Salaita, lakini bunduki iliyopo ni Lee-Enfield yenye mwaka 1917. Mhakiki wa haraka atatoa hukumu mbili: bunduki si ya Salaita, na simulizi ni uongo. Hukumu ya kwanza ni sahihi, kwa kuwa chuma cha 1917 hakingeweza kuwapo kwenye mapigano ya Februari 1916. Ya pili haifuati. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles kwa kuwaandikisha watu waliokuwa askari wa Wajerumani. Mtu mmoja aliweza kupigana Salaita kwa bunduki ya upande mmoja, kisha akabeba bunduki ya upande wa pili kabla vita havijaisha. Kinachoonekana kuwa mgongano kati ya chuma na simulizi huweza kuwa ndiyo historia yenyewe. Mgongano huo hautoshi kuthibitisha simulizi, lakini unatosha kumzuia mhakiki asiifute.

Mkasa unaosimuliwa na Charles Miller katika kitabu chake cha 1974 unapanua hoja hii. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Ujerumani ya Magharibi ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo yao, wazee waliofika Mwanza wengi hawakuwa na vyeti. Mlipaji alimpa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha, wala hakuna aliyeshindwa. Mkasa huu hupendwa kwa uzuri wake, na kweli unaonyesha kwamba mwili huweza kuhifadhi kile ambacho karatasi imepoteza. Hata hivyo, kiuhakiki una upungufu mkubwa. Mtihani wa ufagio unamtambua askari pekee. Mpagazi, aliyebeba masanduku ya risasi kutoka kambi hadi kambi, hakufundishwa gwaride wala hakupewa bunduki yenye namba. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililotokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, limehifadhi kumbukumbu yao kuliko chuma chochote. Hivyo, kadiri tunavyofanya bunduki kuwa kipimo cha nani alikuwapo vitani, ndivyo tunavyowasukuma nje walio wengi.

5.0 Kinachopotea na Kinachopendekezwa

Athari ya kwanza ya kuabudu uasilia wa kiwanda ni usafishaji. Kitako hupigwa msasa, kutu hung'olewa, kipande chenye namba tofauti huondolewa na kuwekwa kinachofanana. Kazi ya fundi wa vitani hufutwa ili kazi ya kiwanda ionekane. Hilo ni sawa na mhariri kufuta maandishi ya pambizoni ili ukurasa uwe safi.

Athari ya pili ni ya kisheria na kiutendaji. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hutumia mwaka 1863 kama mpaka wa umri wa masalia, hivyo bunduki ya 1916 hailindwi kwa umri wake pekee. Kwa upande mwingine, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka silaha imilikiwe kwa kibali. Anayekuta bunduki au risasi ya zamani hana budi kutoa taarifa polisi. Risasi iliyolala ardhini karne nzima haipaswi kuguswa. Kati ya sheria hizo mbili kuna mwanya ambamo ushahidi unaweza kupotea kihalali kabisa.

Makala hii inapendekeza mambo manne. Kwanza, maelezo yatangulie hukumu: alama zote, zikiwamo za marekebisho, ziandikwe na kupigwa picha kabla ya neno "asilia" kutamkwa. Pili, anayetoa hukumu ataje ni uasilia upi kati ya ile mitatu. Tatu, simulizi la familia liandikwe kwa maneno ya msimulizi na liambatane na kitu chenyewe. Nne, mahali kilipopatikana pahesabiwe kuwa sehemu ya kitu: ganda la risasi la Kijerumani lenye mwezi na mwaka kwenye kitako chake, likiandikwa mahali lilipolala Latema, huweza kuthibitisha zaidi kuliko bunduki nzima isiyojulikana ilikotoka.

6.0 Hitimisho

Ulinganifu wa namba unajibu swali moja dogo: je, vipande hivi vilitoka kiwandani pamoja? Haujibu nani aliibeba bunduki, wapi, wala kwa ajili ya nani. Katika ukanda wa Himo, ambako historia ya vita imeandikwa zaidi na maofisa wa kigeni kuliko na waliopigana na kubeba, maswali hayo ndiyo yenye uzito. Bunduki yenye komeo la kuazima na kitako cha viraka isihukumiwe kuwa pungufu kabla haijasomwa. Penye kiraka palikuwa na mkono, na mkono huo huenda haukuacha maandishi mengine.