Ukiona Hela, Irudishe

Basi likisimama Igawa, wauza mchele hujaa dirishani. Safari moja kati yao alikuwemo kijana mwenye bahasha. "Shikamoo mzee. Nina sheria ya Mjerumani ya kodi ya nyumba, ile ya mwanzo kabisa."

Konda alikuwa ameshaanza kugonga bodi.

Muda ukiwa mfupi hivyo, karatasi yenyewe iache kwanza, soma fedha iliyotajwa ndani yake. Amri ya kwanza ya kodi ya vibanda ilitolewa tarehe 1 Novemba 1897, ikaanza kutumika Aprili 1898, Mkwawa, chifu wa Wahehe, akiwa bado anasakwa porini huko Iringa. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Heller, iliyotuachia neno hela, ilikuja 1904. Karatasi ya 1897 yenye heller ndani yake ni ya uongo, hata mende wawe wameitafuna vipi. Tazama na gavana: 1897 ni Liebert, amri mpya ya 1905 ni ya Götzen. Ukikuta shilingi na jina la Byatt, umefika kwa Mwingereza, 1922.

Sasa geuza karatasi, pitisha kidole mgongoni mwake. Herufi za risasi ziligandamizwa, kwa hiyo utahisi vijinundu. Wino wa fotokopi hukaa juu juu, na ukiinamisha karatasi juani unameremeta. Wanaozeesha karatasi kwa chai hujisaliti wenyewe: chai hupaka ukurasa mzima rangi moja, ilhali uzee huanzia kingoni ukaingia ndani taratibu. Kutu ya pini nayo hupenya kurasa kadhaa, doa likififia kila unapofunua. Bado una shaka? Muombe wakala wa fedha taa yake ya kukagulia noti. Karatasi iking'aa buluu ina dawa ya weupe, na dawa hiyo ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili.

Muhuri wa boma wengi huuona kama nyongeza ya bei. Mimi hunitia wasiwasi. Karatasi iliyotoka kwenye jalada la serikali ni mali ya umma, sheria ya kumbukumbu ya 2002 inailinda, na mahali pake ni Nyaraka za Taifa.

Ya kijana haikuwa na muhuri. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa shilingi, basi Mjerumani alishatoka. Vijinundu vilikuwepo, kingo zimekauka kama ganda la kitunguu, nikaanza kufurahi. Juu ya ukurasa nikasoma "Cap." na namba. Sheria ikitolewa mara ya kwanza hupewa namba na mwaka. Namba ya sura, ndiyo hiyo "Cap.", hupewa baadaye, sheria zote zikikusanywa upya. Upande wa kushoto palikuwa na matundu ya sindano: ukurasa ulikuwa umechanwa kwenye kitabu.

Nilimpa bei ya kilo mbili za mchele. Akaniangalia kama mwizi.