Kizibo Kilichokwama

Nasema mapema ili tusizungushane: kotingi ile ilikuwa imekufa kabla haijafika kwenye boneti, na fundi aliyeishika alikuwa na kila dalili mbele ya macho yake. Mliokuwapo pale karakana, chini kidogo ya msikiti mkuu wa Old Kampala, mliona wenyewe. Mliokosa mmeshaiona kwenye simu, maana video imezunguka kutoka Kisekka hadi Ndeeba na mafundi bado wanaigombania. Wengi wanamtetea. Wanasema alisoma tarehe kwenye lebo, tarehe ilikuwa haijafika, basi kosa ni la kiwanda. Siwezi kukubali.

Kazi ya awali ilikuwa safi: ndoo mbili, udongo wa kunasa uchafu, kompaundi ya kiasi, baffa ya mwendo mdogo. Yatosha.

Gari ni Harrier nyeusi, rangi namba 202. Wanaoijua wanaijua: nyeusi tupu ya Toyota isiyofunikwa klia, lile tabaka angavu la juu, laini, inayoshika mikwaruzo hata ya kitambaa kikavu. Mezani palikuwa na vitu viwili vya kumalizia kazi. Kimoja ni kopo la nta ya karnauba, limetumika hadi nusu, halina tarehe yoyote, lebo imechujuka. Cha pili ni chupa ya kotingi ya seramiki ya mililita 50, lebo inang'aa, tarehe ya mwisho bado mwaka mzima mbele. Mwenye gari akauliza ipi ni nzima. Fundi akajibu bila kufungua hata kimoja: "Hajji, hilo kopo la siku nyingi, limekwisha hilo. Tutumie hii chupa, muda wake bado." Kopo likaenda kwenye pipa la taka.

Kisha kikaja kizibo. Fundi alikizungusha kwa mkono kikagoma. Akakishika kwa kitambaa, kikagoma tena. Akanyoosha mkono akachukua plaizi. Simamisheni video hapo. Kizibo kilipoachia, chembe nyeupe zilimwagika mezani, naye akazipuliza kama vumbi la kawaida, akaendelea. Chembe zile ndizo kotingi yenyewe, iliyokwisha kuwa ngumu kwenye mikunjo ya mdomo wa chupa. Chupa ambayo haijawahi kufunguliwa haina chembe hizo, na kizibo chake hakihitaji plaizi. Kwa hiyo ile ilikuwa imefunguliwa zamani, ikatumika kidogo, ikafungwa ovyo, ikarudishwa rafuni.

Angeweza kuacha hapo. Akaigeuza chupa juu ya sponji. Kotingi nzima hutoka kwa matone mepesi, karibu na wepesi wa maji. Ile ilitoka nzito kama asali, tone likaning'inia kabla ya kuanguka. Hiyo ni dalili ya pili, na mtu yeyote aliyewahi kushika chupa mpya angeishtukia. Yeye akasema, kwa sauti iliyonaswa vizuri kwenye video, kwamba nzito ndiyo kali.

Akapaka mraba wa kwanza. Kotingi iliyo hai hutandazika, ikakaa kitambo kifupi, ikaanza kutoa rangi za upinde wa mvua, ndipo unaifuta. Ile haikutoa rangi yoyote. Tazameni kiwiko chake: kitambaa kinakwama, mkono unaanza kusukuma badala ya kuteleza. Dalili ya tatu hiyo, tena kwenye mraba mmoja tu, kona ya boneti, mahali ambapo hasara bado ingekuwa ndogo. Mafundi wazuri hujaribu kwanza pembeni kwa sababu hiyo hiyo. Yeye akaongeza matone, akahamia mraba wa pili, wa tatu, mpaka boneti ikaisha.

Kesho yake juani boneti ilikuwa na mabaka: huku panang'aa kupita kiasi, huku pamefifia, na mistari ya kijivu ikifuata njia ya sponji. Kotingi iliyogandia hivyo haiondoki kwa shampuu wala kwa spiriti. Ilibidi irudi baffa na kompaundi kali, na pedi ikatoka nyeusi. Kwenye rangi yenye klia, pedi haitoki na rangi ya gari. Kwenye 202, weusi wa pedi ni rangi ya gari inayoondoka, na Hajji alisimama pale akiitazama ikiondoka. Tabaka zote za rangi ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150 kwa pamoja. Hakuna mtu anayezirudisha zile zilizolambwa.

Sasa kwa nini tarehe ilimdanganya? Kotingi hizi ni resini za jamii ya siloksani au silazani, zimeyeyushwa kwenye kiyeyushi kinachoruka upesi. Kinachozigeuza kuwa ngumu juu ya rangi ni unyevu wa hewa. Ndani ya chupa iliyofungwa kiwandani hakuna hewa mpya, hivyo inaweza kukaa mwaka au zaidi bila neno. Ukifungua mara moja, unyevu umeingia na kiyeyushi kimeanza kutoroka, na saa nyingine inaanza kuhesabu, ya wiki au miezi michache. Tarehe ya mwisho ya saa hiyo haiandikwi kwenye lebo kwa sababu kiwanda hakijui siku utakayofungua. Na hapa Kampala, karibu na Ziwa Victoria, Aprili mvua inaponyesha mara kwa mara, unyevu haukosekani. Tarehe ya lebo ni ahadi kuhusu chupa ambayo haijaguswa, iliyokaa mahali pa baridi na pakavu.

Na duka gani hapa ni la baridi? Chupa hizi nyingi hushuka melini Mombasa, zinasafiri zaidi ya kilomita 1,100 ndani ya kontena la chuma, kisha zinapangwa kwenye kibanda cha bati au kwenye dirisha linaloelekea jua. Nimelipigia kelele jambo hili katika safu hii na nitaendelea kulipigia: dirisha la duka si stoo. Joto huharakisha kila mabadiliko yanayoua bidhaa hizi.

Tumezoea kuhesabu umri tangu kutengenezwa. Sheria iliyorekebishwa 2018 inazuia kuingiza Uganda gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, na kwa gari hesabu hiyo ina sababu zake. Tumeichukua hesabu hiyo tukaipeleka kwenye kila kopo na kila chupa, hata pale isipofaa kabisa.

Turudi kwenye kopo lililotupwa, maana ndilo linaloniuma zaidi. Karnauba ni nta ya majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, ngumu, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 hivi. Haiozi. Kinachobadilika kopo likikaa ni kwamba kiyeyushi kinaruka, nta inakauka, inapasuka nyufa na kuachana na kuta za kopo. Inakuwa ngumu kupaka, lakini nta bado ni nta. Unaiponda kwa kidole, unaipasha kwa joto la kiganja, unapaka kidogo kidogo, na inang'aa. Niliitazama kabla haijatupwa: ilikuwa na ufa mmoja tu, harufu yake safi, rangi yake sawa sawa toka juu hadi chini. Ingemaliza kazi ile kwa nusu saa, na kama ingeharibika kwa namna yoyote, kitambaa kingeifuta. Angalizo moja: asije mtu akaweka kopo kama lile juu ya jiko ili kulainisha. Kiyeyushi kilichobaki kinashika moto.

Mafundi wa rangi wa zamani wa mtaa huu hawangefanya kosa lile. Nazungumzia enzi za duko, ile rangi ya selulosi, kabla Amin hajatangaza Agosti 1972 kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 waondoke, Old Kampala ilipokuwa imejaa karakana na maduka yao, na vijana wa Kiganda wakijifunza kazi kwa Makalasinga. Duko ilikuwa haisamehe. Thina ikizidi, rangi inafifia. Kompaundi ikikauka, inachora. Waliotoka katika mikono ile, wachache waliobaki, nimewaona wakifanya jambo moja kila mara kabla ya kugusa gari: wanafungua, wananusa, wanasugua kidogo kati ya dole gumba na la shahada, wanatazama. Ndipo wanaamua. Hata dereva wa mashindano Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho, alipata ushindi wake wa kwanza wa mbio za magari za Safari mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imeshakimbizwa na wengine mashindanoni. Alikagua hali ya mashine, akaiandaa kwa mikono yake mwenyewe, na magari mapya yakabaki nyuma. Fundi wetu alikuwa na PV544 mezani akaitupa.

Bidhaa nyingine nazipitia upesi. Kompaundi za maji zina punje za alumini oksaidi zinazotuama. Tikisa, subiri nusu saa. Zikibaki zimechanganyika, ni nzima. Zikijitenga tena kuwa mabonge na maji, tupa. Zikitoa harufu ya kuoza, vijidudu vimeshinda kihifadhi, tupa. Hata kompaundi nzima huchora kama hukufuta mdomo wa chupa, kwa sababu punje kavu za kwenye kizibo huanguka kwenye pedi. Mikwaruzo mingi ambayo baffa hulaumiwa kwayo inatoka hapo. Dawa ya kuondoa chembe za chuma kwenye rimu, ile inayogeuka zambarau, hupungua nguvu ikikutana na hewa. Ikiwa haibadiliki rangi juu ya vumbi la breki, imekwisha hata kama tarehe bado. Shampuu hukaa sana. Udongo wa kunasa uchafu ukianguka chini umekwisha siku hiyo hiyo, hauna rufaa.

Na hapa niseme juu ya tabia inayoharibu kuliko miaka yote: kumimina dawa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Chupa ile haikutengenezwa kwa viyeyushi, kizibo chake hakizibi sawasawa, lebo inapotea, na mtoto anaweza kuinywa. Nimeona woshingibei nzima yenye safu ya chupa kama hizo, na hakuna aliyekumbuka ipi ni ipi. Hapo hata ukijua kila kitu kuhusu muda wa bidhaa, umeshapoteza.

Jambo jingine ni ile "9H" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa ile. Fundi aliisoma kwa sauti kana kwamba ni dhamana. 9H ni kipimo cha kalamu ya risasi: unaburuta kalamu ngumu juu ya rangi kuona kama inachora. Haihusiani na namba 9 ya kipimo cha Mohs, ambayo ni ya korandamu, jamii ya yakuti. Tena hata kipimo hicho cha kalamu ni cha kotingi iliyopakwa ikiwa hai. Kotingi iliyogandia chupani ina ugumu wa kutosha kabisa, ila iko mahali pasipotakiwa.

Wanaomtetea fundi wanauliza angejuaje. Angejua kwa kizibo. Angejua kwa tone. Angejua kwa mraba wa kwanza. Dalili tatu zilimfikia kwa mpangilio, kila moja ikiwa na gharama ndogo kuliko iliyofuata, na mara zote tatu aliiamini karatasi iliyobandikwa nje. Mikono yake ni mizuri, kazi ya baffa imethibitisha hivyo. Uamuzi wake ulikuwa mbaya, na gharama ya boneti ile inapaswa kuwa juu ya karakana.

Mafundi wenzangu wa Old Kampala, chukueni kalamu ya wino usiofutika. Siku unayofungua chupa ya kotingi, andika tarehe hiyo chini ya chupa, futa mdomo wake kabla ya kufunga, iweke mbali na bati na dirisha. Ikipita miezi miwili au mitatu, dondosha tone juu ya kioo kabla ya kulipeleka kwenye gari la mtu. Na wewe mwenye gari, kabla kazi haijaanza, omba uoneshwe kizibo kikifunguliwa. Fundi akinyoosha mkono kuchukua plaizi, chukua funguo zako.